Tablo Ile si ya Mama

Kashikishi, Jumamosi, mwisho wa Februari 1999

Mvua ya asubuhi imekwisha na jua limetoka kwa hasira, muchanga unafuka moshi. Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya nyumba, ninafukuza kuku kwenye samaki tuliyoianika upya kwa sababu ya unyevu. Ninasikia nyundo za wanaume wanaoziba mashua kule chini. Jumatatu ziwa linafunguliwa. Tangu Desemba serikali imekataza nyavu majini ili samaki izae, na sasa hakuna mutu hapa wilayani Nchelenge anayeongea kitu kingine.

Nimeshika kalamu kwa mukono mumoja, jiwe kwa mwingine. Nitaandika hivyo hivyo.

Leo nimesema jina langu mbele ya soko zima.

Kwa mutu mwingine hiyo si habari. Lakini mimi ni yule musichana ambaye mwalimu akiuliza swali anaangalia viatu vyake. Kule ngambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, nilisoma kwa Kifaransa mpaka vita vikatuvukisha. Hapa ninasoma kwa Kiingereza. Siku ya kwanza, mwalimu alipoita majina, mimi nikajibu "prezan!", yaani niko, kwa nguvu, kama tulivyofundishwa na masista. Darasa lilicheka mpaka mwalimu mwenyewe akageukia ukuta. Tangu siku ile, jina langu likiitwa, ninainua mukono tu.

Na sokoni hata jina sina. Mama yangu anaitwa Mama Odile kwa sababu mimi ni mutoto wake wa kwanza. Wazambia nao ni hivyo hivyo: mwanamuke akiwa na mutoto Chola, yeye ni Bana Chola, na kumuita kwa jina lake la usichana ni matusi. Basi kutwa nzima watu wanaita Odile, Odile, na Odile mwenyewe anageuka bure. Mimi ni "mutoto wa Mama Odile". Basi.

Tablo, ule ubao wangu wa kuandikia, ilianza ziwa lilipofungwa. Mama alikuwa amejaza magunia ya chisense, vile visamaki vidogo vya kuanika, akitumaini kwamba watu wakikosa samaki mubichi watakuja kwetu. Hawakuja. Meza yetu iko musitari wa mwisho, karibu na mufereji, na wasichana wa meza za mbele wanajua kuita wateja, wanawashika mikono, wanawatania. Mama alinituma niite na mimi. Nilifungua mudomo, ikatoka hewa.

Nililia kidogo nyuma ya magunia. Halafu nikakasirika, na hasira ilinisaidia kuliko machozi. Nilichukua mulango wa kabati lililovunjika. Nilivunja mabatri yaliyokufa, nikaponda ule unga mweusi pamoja na majani ya muhogo, nikapaka mara nyingi mpaka ikawa tablo kweli, kama ya darasani. Nikaandika kwa chaki: Samaki kavu, safi, bei nzuri.

Hakuna aliyesimama. Na kweli, kila mutu sokoni anasema samaki yake ni safi. Nani ataandika kwamba ya kwake imeoza?

Siku moja Bana Chola, mama munene mwenye kicheko cha kusikika mpaka bandarini, alirudi kwa mama kumusifia. Alikuwa amenunua beseni nzima, akapika na karanga, bwana yake akalamba sahani. Mimi nilikuwa chini ya meza ninasikiliza. Alipoondoka nikafuta yangu yote, nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, Kiswahili juu, Kibemba chini: Bana Chola alinunua beseni nzima. Alipika na karanga. Bwana yake alilamba sahani.

Kesho yake alikuja na dada yake kumuonyesha jina lake. Dada akataka na yeye aandikwe. Jirani ya dada pia. Wasiojua kusoma walikamata watoto wa shule njiani wawasomee. Watu walianza kupita musitari wa mwisho kila asubuhi kuangalia nani ameandikwa, nani alipika nini, na wakisha kusoma, samaki iko pale pale mbele yao. Abiria wa mashua walikuwa wanasoma kabla ya kuvuka. Mama mumoja wa Kilwa alishuka akauliza, hata salamu hajamaliza, "Yule Bana Chola wa karanga njo nani?"

Nilijiona nina akili sana.

Halafu Bana Chola alirudi, na safari hii hakuwa anacheka.

"Weye mutoto! Nani alikutuma kuandika beseni nzima? Bashemeji yangu wote walisoma! Walikuja na mabibi, walikuja na batoto, hata ule wa kule Puta ambaye hakuja kwa kilio cha baba mukwe! Eti tulisikia kwako kuko samaki. Beseni iko wapi sasa? Iko ndani ya matumbo ya bashemeji!"

Mama alimuongezea kikombe kikubwa cha chisense, akaomba radhi. Mimi nilitaka mufereji unimeze. Wakati ziwa limefungwa, mwenye samaki anaifunika, hata mutoto anajua. Mimi nilikuwa nimeifunua mbele ya watu wote, tena kwa mwandiko muzuri.

Ningeacha pale. Usiku ule niliwaza kuichoma ile tablo iwe kuni. Lakini asubuhi nilienda kwa Bana Chola, nikapiga magoti, nikamuuliza kwa sauti ambayo nadhani aliisikia nusu, "Mama, niandike nini, niache nini?" Aliniangalia sana. Akasema, "Andika karanga. Acha beseni."

Hiyo ikawa sheria yangu. Siandiki jina la mutu kabla ya kumuuliza: nini niseme, nini nifunike. Na kwa kuuliza, mimi mwoga, nikajikuta ninaongea na watu. Mumoja mumoja, kwa sauti ndogo, lakini ninaongea. Fundi wa nguo akaniomba nimuandikie wateja wake. Halafu muuza sabuni. Halafu yule wa kutengeneza radio. Wananilipa vile wanaweza. Inifomu ya shule ninayovaa, fundi aliishona kwa malipo ya tablo.

Leo komite ya soko iliita mukutano. Kufungua ziwa ni siku kubwa, wanunuzi wanatoka mbali, na kila mwaka kazi ya kutangaza ni ya Ba Kaluba mwenye kipaza sauti. Mwaka huu wauzaji walisema wanataka na tablo, kubwa, pale bandarini, kwa ajili ya soko lote. Cheyamani wa komite akasimama. "Mama Odile, kazi ni yako. Simama tukuone."

Watu wakapiga makofi. Mama hakusimama. Alifunga upya kitenge chake, polepole, akasema kwa heshima, "Ile tablo si yangu, mukwai. Mwenyewe eko hapa."

Hakunitazama. Hata kidogo.

Nilijua anachofanya. Nilimuchukia kwa dakika moja nzima.

"Eko nani?" cheyamani akauliza. Watu wakageuka huku na huku. Ba Kaluba akainua kipaza sauti chake: "Kama mwenyewe amepotea, miye niko!" Wakacheka, na niliona kazi yangu inaondoka hivi hivi, kama mashua ambayo hukuwahi kuifunga kamba. Kazi niliyoianza kwa mabatri yaliyokufa.

Nikainua mukono.

Cheyamani akaniona. "Ule mutoto anaomba kwenda inje. Mwacheni apite."

Mungu wangu. Kicheko! Masikio yalinichemka. Miguu ilikuwa tayari kwenda huko inje kweli. Ndipo sauti ya Bana Chola ikatoka nyuma: "Sema, weye! Siku ulitangaza sufuria yangu kwa bashemeji, uliogopa?"

Soko lote linaijua ile habari ya beseni. Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega, na mimi pia nikacheka, sikuweza kujizuia. Na mutu akisha kucheka, koo imefunguka tayari. Nikasema kabla haijafunga tena.

"Ni mimi. Ninaitwa Odile. Tablo ni yangu. Siandiki jina la mutu bila kumuuliza."

"Sauti ya kuku mugonjwa!" akasema Ba Kaluba.

"Ndiyo," nikamujibu, na mpaka sasa sijui ile nguvu ilitoka wapi. "Kwa hiyo ninakutaka weye, Ba Kaluba. Jumatatu niko shule. Wengi hawajui kusoma. Mimi nitaandika, weye utasoma na hicho kipaza sauti, na malipo tutagawana."

Akashusha kipaza sauti. Akaniangalia kutoka kichwa mpaka malapa. "Kumbe leo nimepata bosi," akasema, "tena wa kuvaa inifomu." Na akanipa mukono, mbele ya watu, kama mutu mukubwa.

Cheyamani akaniuliza jina mara ya pili ili karani aandike vizuri. Nikalisema mara ya pili. Haikuwa rahisi zaidi, nisidanganye. Wamama wa musitari wa mbele, wale ambao mabinti wao wanajua kuita wateja, walipiga vigelegele.

Tukarudi nyumbani. Nilibeba tablo kichwani, yeye alibeba gunia. Nilingoja aniambie hata neno moja. Tulipofika, akaweka gunia chini, akapangusa uso, akasema, "Sasa wamejua Mama Odile ni mama wa nani." Akaenda kuwasha moto apike bukari, ugali wetu.

Kuku wamerudi kwenye samaki. Ninaandika na kuwatupia mawe.

Kesho baada ya misa nitapita meza kwa meza kuuliza watu nini niandike, nini nifunike. Mulango wa kabati hautatosha, itabidi niombe mbao kwa wale wanaoziba mashua, na kuomba maana yake ni kufungua mudomo tena, kwa wanaume wasionijua. Nitafungua.

Halafu Jumatatu. Wakati Ba Kaluba anasoma maneno yangu bandarini, mwalimu atakuwa anaita majina. Akifika kwa Odile, mukono wangu utabaki umelala juu ya dawati, na mudomo utajibu.