Wageni wa Alasiri Wamemfukuza Mke Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie haraka, mke wangu amehamia kwa mama yake na mimi sijafanya lolote, naapa. Mimi ni fundi wa mitambo kwenye kituo kinachohesabu miale inayotoka anga za mbali, haionekani, inatupita mwilini usiku na mchana, na kila siku alasiri huongezeka kidogo kisha ikapungua, ila upepo wa jua ukivuma kwa nguvu huifagia njiani na hesabu ikaporomoka, sasa pale kazini tumezoea kuiita wageni, ni utani wetu tu. Juzi tuko mezani, mama mkwe naye yupo, mke wangu ndiyo kwanza ameanza kunieleza jambo, simu ikalia, ni mkuu wa kituo, mwanamama mwenye sauti inayosikika hadi jikoni, nikajibu mbele ya watu, "Wageni wamepungua ghafla? Nakuja, usiwaache peke yao!" Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Mwanangu, hao wageni mnawapa nini?" Nami kwa haraka nikasema, "Hatuwapi kitu, mama, wanapita tu, wengine wananipita mwilini wala sisikii." Mke wangu akataka kuwaona, nikamwambia hawaonekani, akauliza wanatoka wapi, nikasema hata sisi baadhi yao hatujui watokako, nikatoka mbio. Kurudi, kabati tupu. Nampenda mno, mshauri, nyumba imekuwa kimya hadi nasikia friji ikinguruma. Nimemtumia grafu ya hao wageni kwenye simu, ina rangi nzuri, hajajibu. Nifanyeje?

Fundi Asiye na Hatia

JIBU

Fundi, pole. Nimecheka mpaka nikamwaga chai, halafu nikakasirika. Grafu! Mtu kafunga virago, wewe unamtumia grafu?

Kuhusu wageni huna kosa, na naamini mkeo analijua hilo, maana mtu wa kujibu vile mbele ya mama mkwe hana ujanja wa kuficha hata kijiko. Lakini nimeirudia barua yako nikitafuta jambo alilokuwa anakueleza simu ilipolia, na silioni. Habari za wageni umezieleza vizuri, wanaongezeka lini, nani anawafagia. La mkeo hulijui mpaka leo, wala hukuona ajabu. Hilo ndilo lililomwondoa, ndugu yangu.

Leo hii nenda ukweni. Simu iache nyumbani, mashine inajua kuhesabu yenyewe. Omba radhi kwa kuondoka mezani, muulize alitaka kusema nini, kisha funga mdomo mpaka amalize. Habari za jua usiziguse. Akishakusamehe ndipo umkaribishe kituoni alasiri moja, yeye na mama yake, wakaone hesabu ikipanda. Mama mkwe akiuliza kama hao wageni wanampita na yeye, mwambie yeye hawamwezi.

Na usijiambie utakwenda kesho, hesabu ikitulia. Hao watapita tu, uwepo usiwepo. Vaa viatu, nenda.