Saa ya Kongo, Saa ya Uganda

Bwera, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya habari nyingine yoyote nataka kusikia habari za magoti yako. Bado yanakusumbua ukishuka mtoni, au ile dawa ya shangazi imeyatuliza? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, bado anakula maharagwe ya jirani na kukuletea kesi? Niambie yote bila kunificha, maana nakujua. Mtu akikuuliza unaumwa wapi, wewe humjibu kwamba mwaka huu mvua imenyesha vizuri.

Sisi hapa tu wazima, Mungu ashukuriwe. Mwanangu Masika ametimiza miaka minane, anasoma vizuri, na ulimi ameurithi kwa bibi yake. Baba yake bado anauza samaki kule Katunguru na hurudi nyumbani kila Jumamosi. Siku hizi hanipigii simu kunisalimia, ananitumia picha ya samaki. Samaki akiwa mkubwa najua mume wangu ana furaha. Akiwa mdogo najua nimpikie kitu cha kumfariji.

Na wewe Katungu, mdogo wangu, unayemsomea mama, soma kila neno kama lilivyo. Usiruke pale ninapokutaja, wala usiongeze ya kwako.

Mama, utauliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi na simu ninayo. Sababu ni kwamba ukipanda kile kilima kutafuta mtandao, nusu ya kijiji inapanda pamoja nawe, na kila mtu anatia neno lake. Ninachotaka kukuambia ni chako peke yako. Kwa hiyo barua hii nampa Mama Soki, muuza maharagwe, anayevuka mpaka keshokutwa.

Unajua ninachokitaka tangu nilipofika huku: uje ukae nami. Mara ya mwisho nilipokuomba, ulinijibu kwamba hutaki kuja Uganda kulala chini ya meza ya cherehani kama paka. Nilicheka, halafu ikaniuma, maana ulisema kweli. Chumba chetu kilikuwa kimoja tu. Ndani mlikuwa na kitanda, cherehani, vitambaa vya watu, mtoto, na Jumamosi mwanamume. Kumwongeza mama mzazi mwenye magoti mabovu kungekuwa kumkosea heshima. Ndiyo maana nilipopata habari ya kazi ya ualimu, niliishika kwa mikono miwili.

Kule mjini Kasese kuna nyumba ya kufundishia ushonaji. Anayeiongoza ni mama mmoja Mukonzo wa huku anayeitwa Madamu Ithungu, mwembamba, mwenye miwani, asiyecheka ovyo. Walileta vyerehani vya umeme na wakatafuta mwalimu mmoja wa kuwafundisha wanawake. Mwalimu angepewa nyumba ya vyumba viwili. Vyumba viwili, mama. Kuanzia hapo sikusikia kitu kingine.

Sikuogopa sana, kwa sababu kazi yangu yenyewe imebadilika, si kama ulivyonifundisha kwenye ile mashine yako ya mkono. Zamani mteja alikuja, nikampima, tukapiga soga, akarudi siku tatu baadaye. Sasa mteja yuko Kyondo anavuna kahawa na ananitumia picha kwa simu: nataka gauni kama hili. Naangalia picha, naona msichana mwembamba aliyesimama kando ya gari. Naangalia picha ya mteja, naona mama mwenye baraka zake zote. Basi kazi yangu ni kuwapatanisha hao wawili. Vipimo nachukua kwa video. Namwambia mteja azungushe kamba hapa, aipitishe pale, kisha ailaze kwenye rula ya mtoto wa shule. Kuna mama mmoja wa Kilembe alijipima juu ya sweta mbili kwa sababu asubuhi ile kulikuwa na baridi. Gauni lilipomfikia, alisema angeweza kumkaribisha dada yake humo ndani.

Sasa sikiliza jinsi nilivyoaibika.

Tulikuwa wanawake watatu kutoka Bwera tuliotaka kwenda kwenye mtihani wa kumchagua huyo mwalimu. Mimi, jirani yangu Kabugho mwenyeji wa hapa, na Mama Noela, mtu wa kwetu aliyetoka Beni. Mtihani ulikuwa Jumatatu saa mbili kamili asubuhi. Tulikubaliana kuondoka saa kumi na mbili. Simu ya Kabugho ilikuwa haina moto, yaani chaji, na ile ya Mama Noela ina tochi nzuri lakini saa yake haijawahi kusema kweli hata siku moja. Kwa hiyo nikasema mimi ndiye nitakayewaamsha.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo watu wa mpaka tunalijua na wengine hawalijui. Simu yangu inabeba laini mbili, ya Uganda na ya Kongo. Ng'ambo ya mto, kwenu, saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja nzima. Ukiwasha laini ya Kongo hapa Bwera, simu inashika mnara wa ng'ambo na kujirudisha nyuma yenyewe, bila kukuomba ruhusa. Ndiyo sababu hapa ukimwambia mtu mkutane saa nne, anakuuliza kwanza: saa nne ya wapi? Nimewaona watu wakikosa misa na mazishi kwa ajili hiyo, na niliwacheka. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa zako tia maji. Mimi zangu niliziacha kavu.

Jumapili ile alasiri, unakumbuka, ulipanda kilimani nami nikawasha laini ya Kongo na kuizima ya Uganda ili tuongee. Tuliongea vizuri. Uliniuliza mara tatu kama nitakula kabla ya kuondoka. Tulipomaliza nilikuwa na furaha nyingi, nikaiweka simu mezani, nikaanza kupiga pasi nguo ya kuvaa kesho. Laini ya Kongo nikaisahau humo humo.

Asubuhi jogoo wa Kabugho aliwika, nikasema moyoni kwamba huyu naye ameharibika, maana simu haijaniambia kitu. Akawika tena, nikageukia ukutani. Simu ilipolia saa kumi na moja kama nilivyoitega, niliona nje kumeanza kupambazuka. Badala ya kujiuliza, nilimshukuru Mungu kwa mwanga. Nikanywa uji, kama ulivyoniagiza, nikawaamsha wenzangu. Kabugho alitazama mbingu akasema leo jua limeamka na haraka. Mama Noela akamjibu kwamba jua linaweza kukosea lakini simu haikosei, inaongea na mitambo iliyoko angani. Tukakubali wote watatu. Wanawake wazima, mama, tuliozaliwa mashambani, jua tunaliona kwa macho, na tukaiamini simu.

Tulipata gari na kuondoka. Simu ilionyesha saa kumi na mbili na dakika tano. Sijui tulikwenda mwendo wa nusu saa au zaidi, minara ya kwenu ikabaki nyuma ya vilima. Niliizima laini ya Kongo na kuwasha ya Uganda, nipate kumjulisha Madamu kwamba tuko njiani. Kutazama tena, saa moja na dakika arobaini. Niliitikisa simu. Nilimwonyesha Kabugho, naye akaitikisa. Hapo ndipo nilipoelewa. Si mimi tu niliyechelewa. Nilikuwa nimewachelewesha na wenzangu walionitegemea.

Tulifika saa mbili na nusu ikiwa imepita. Langoni kulikuwa na mlinzi, mzee aliyewahi kuwa askari, akatufokea tusimame pale pale na tutoe karatasi. Tulipofika mlangoni, ndani tuliona wanawake wa kutoka kila upande wameinamia vyerehani. Madamu Ithungu akatoka na kufunga mlango nyuma yake. Akatuuliza tumetoka wapi na kwa nini tumechelewa.

Kabugho alikuwa na jibu tayari. Alisema gurudumu lilipasuka njiani. Madamu akauliza gurudumu la mbele au la nyuma. Kabugho akasema la mbele, na wakati huo huo Mama Noela, maskini, akasema la nyuma. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu haikufika hata hatua mbili. Madamu akanitazama mimi.

Mama, niliwaza vile vyumba viwili. Lakini niliona kwamba nikinyamaza, hawa wawili wataitwa waongo kwa kosa ambalo ni langu.

Nikamwambia, "Madamu, gari haina kosa. Kosa iko yangu. Jana niliongea na mama yangu, iko Kongo juu ya mulima. Niliweka saa ya Kongo mu telefone, nikasahau kuitosha, kuirudisha ya Uganda. Hawa niliwaamusha mimi. Unifukuze mimi, hawa waingie."

Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mama yako alisema nini?"

"Aliuliza kama nitakula."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga aliyojifunga, akaivaa tena. Hakucheka, lakini mlango aliufungua. Alisema tushone kwa muda uliobaki, na asingetuongezea hata dakika.

Tulitakiwa kushona shati la shule. Nilikaa mbele ya mashine ya umeme, nikaweka mguu kama nilivyozoea kwenye yangu ya kukanyaga, na mashine ikaondoka na kitambaa kama mbuzi aliyekata kamba. Mara ya pili niligusa kidogo tu. Mara ya tatu tulianza kuelewana. Kola niliimaliza, na nakuambia ilikaa vizuri, lakini mkono mmoja wa shati ulibaki haujaungwa muda ulipokwisha. Mama Noela alimaliza yote, sijui vipi. Kazi alipewa Mbambu wa Kilembe, na haki yake, maana shati lake lilikuwa zuri kuliko yote na yeye alifika wa kwanza.

Nilirudi Bwera nikalia kidogo. Siku zile nilipokupigia nilikuambia nina mafua. Samahani, mama, hayakuwa mafua.

Baada ya wiki mbili, nikiwa sokoni, simu ikalia. Madamu Ithungu. Nilidhani nimesahau mkasi wangu kule. Kumbe alikuwa na maneno, na nitayaandika kama alivyoyasema, ili Katungu asiyapambe.

"Kavira, mimi nataka weka mashine ine kule Bwera, ya solar. Nataka wewe fundisha."

Nikamuuliza kwa nini mimi, niliyechelewa na shati lenye mkono mmoja.

"Wale wengine ilikuja kila mutu peke yake. Wewe ilikuja na wenzako. Mwalimu ni mutu ya kuamsha wengine. Wewe iliamsha hao vibaya, lakini iliamsha."

Mama, nilikaa chini pale pale sokoni, juu ya gunia la viazi la mtu. Mwenye gunia alipotaka kunifukuza nikamwambia nimepata kazi, akaniacha nikae.

Tumeanza mwezi uliopita. Mashine ni nne na wanafunzi ni kumi na wawili, wa huku na wa kwetu, wanashona kwa zamu. Kabugho na Mama Noela ni wawili kati yao. Mama Noela hahitaji mwalimu, anakuja kunichunga. Kwenye ukuta nimetundika saa kubwa ya betri, ile ya mshale, na hakuna mnara unaoweza kuigusa. Hata hivyo wanafunzi wangu kila asubuhi wanaingia wakiniuliza kwa heshima, "Mwalimu, leo ni saa ya wapi?" Najifanya sijasikia. Mwalimu lazima awe na subira.

Nisalimie baba mdogo na kifua chake. Nisalimie shangazi mwenye dawa, umwambie kitambaa chake cha Pasaka nimeshakipata, cha buluu, si kijani, na asiniletee maneno. Mpe salamu katekista wetu, na mama yule jirani wa maharagwe, umwambie mbuzi wetu hana nia mbaya. Na Katungu, umesoma vizuri. Sasa polepole, hii sehemu iliyobaki ni ya mama.

Mama, nyumba nimepewa. Iko nyuma ya darasa, hatua thelathini kutoka sokoni, na hakuna mlima wa kupanda. Ina vyumba viwili, na katika cha pili hatujaweka kitu. Masika alitaka kuhamishia vitabu vyake humo nikamkatalia. Mtu wa kukupokea mpakani nimempata, na baba Masika mwenyewe atasimama pale siku utakayosema, na samaki mkononi. Nimekukumbuka sana. Nimechoka kukusikia kwenye upepo wa kile kilima.

Jana seremala alikuja kutengeneza mlango wa hicho chumba. Aliniuliza komeo aliweke juu au chini. Nikamwambia sijui, angoje mwenye chumba aje amwonyeshe mkono wake unafika wapi.

Mwanao anayekungoja,

Kavira