Nimemkanya Mzee kwa Methali, Hakuelewa

Da Brigitha mpendwa, shikamoo, samahani kwa kukusumbua hapo redioni, lakini nina jambo limenielemea na Jumatatu inakuja.

Mimi ni Mtanzania wa Hagsätra, hapa Uswidi, naandika programu za kuendesha mitambo ya viwandani, na kanisani wananiita Injinia hadi kwenye matangazo, nami huinua mkono kidogo kama mbunge. Sasa kiwanda kimoja cha mikate kimetuagiza mkono wa chuma wa kupanga maboksi, umezungushiwa uzio wenye mlango, ukifungua mlango mkono unasimama, na mimi niliandika kwamba usianze tena mpaka mtu aliye nje, anayeona ndani pote, abonyeze kitufe. Ndipo mkuu wangu, Mzee Lennart, aliyenifundisha kazi hii tangu nikiwa mwanafunzi, akasema kitufe kinachelewesha kazi, tukiondoe, mlango ukifungwa tu mkono uendelee wenyewe. Da Brigitha, na mtu akiwa ndani anaokota boksi, mwenzake akafunga mlango? Hilo nililiona palepale. Kikaoni akauliza kama kuna mwenye pingamizi, na mimi niliyelelewa kwamba mkubwa hasahihishwi mbele za watu nikatazama viatu vyangu, na huku Uswidi ukinyamaza kikaoni umekubali.

Nikajipa moyo kwamba nitamwambia kwa hekima, pembeni, kama tufanyavyo kwetu, basi wakati wa fika, ndiyo mapumziko yao ya kahawa, kila mtu na kikombe chake na andazi lake la mdalasini, nikamtafsiria kwa Kiswidi kwamba haraka haraka haina baraka, akacheka, akasema mna maneno mazuri nyie, akaiandika ubaoni, na sasa idara nzima inaisoma, kitufe kimeondolewa, na Jumatatu mtambo unawashwa kiwandani. Nikaongeza kwamba mwenda pole hajikwai, akaniuliza kama magoti yananiuma.

Kilichonimaliza ni Jumapili iliyopita. Yupo dada mmoja Mkongo wa Fittja, tunaimba naye kwaya, anafanya kazi kiwanda hichohicho, na ndiye atakayekuwa anaingia mle kuokota maboksi yaliyoanguka. Akaniuliza, "Ndugu Injinia, ile mashini yenu inaonaka mutu kama iko ndani?" Nikamjibu, "Inaona sana, dada." Akasema Mungu akubariki, nami nikaitikia amina! Naogopa kwa ajili yake, na naogopa kumvunjia heshima mzee aliyenitoa mbali. Mtambo wangu ulijua kusimama, mimi nimeshindwa. Nifanyeje?

Injinia Bubu, Hagsätra

*

Marahaba, Injinia Bubu. Hapo kwenye magoti nimecheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka.

Nakuelewa. Nami nimelelewa hivyohivyo. Meneja wangu wa kwanza hapa aliponiambia nimwite kwa jina lake tupu, nilikohoa badala ya kumwita. Pole sana. Ila huruma yangu inaishia hapo. Nani alikwambia heshima ni kumtazama mzee akielekea shimoni? Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, tulifundishwa hivyo, lakini waliotufundisha hawakumjua Lennart. Yeye anangoja aambiwe. Na usijifiche nyuma ya malezi peke yake, bwana: unaogopa kuonekana msumbufu kazini, ule mkono wa kanisani ukose cha kuinukia.

Leo ni Jumamosi. Mpigie Lennart nyumbani. Atashangaa, Waswidi hawapendi kusumbuliwa wikendi na habari za kazi, mwache ashangae. Usianze na hali ya hewa. Sema hivi: "Lennart, bila kile kitufe mtu anaweza kufa ndani ya uzio, na nilipaswa kusema kikaoni." Akibisha, muulize kama yuko tayari aingie mle yeye mwenyewe, wewe umfungie mlango. Akizidi kubisha, Jumatatu uwahi kiwandani kabla mtambo haujawashwa, umtafute skyddsombud, yule mwakilishi wa usalama wa wafanyakazi. Sheria inamruhusu kusimamisha kazi ya hatari, na hahitaji methali.

Lakini kabla ya hao wote yupo mwingine. Umeficha jina lake na lako, umejitahidi. Ila wanaosikiliza kipindi hiki Fittja ni wengi, na mwanakwaya anayeokota maboksi kwenye kiwanda cha mikate ni mmoja tu. Hadi nafika hapa kusoma, ameshajitambua. Zima redio, mpigie kabla hajakupigia, na safari hii umjibu swali lake: haimwoni.