Kiungulia cha Miaka Kumi na Miwili

Seven Hills, Sydney
24 Agosti 2021

Kwako dada yangu Jerotich,

Pokea salamu zangu za upendo, wewe na shemeji Mwangi na watoto, na ng'ombe pia, maana nikiwasahau ng'ombe utanuna. Natumaini kikohozi kimekuachia na chanjo ya pili umeshaipata. Kama bado, achana na visingizio vya mchungaji wenu. Nimegombana naye kwenye WhatsApp mwaka mzima na bado nina nguvu. Mimi natembea na kazi naenda. Lakini naogopa, dada. Nalisema mapema nisije nikalizunguka, na nakuomba usinipigie simu kabla ya kufika mwisho wa barua hii.

Huku tumefungiwa tangu Juni. Kwetu magharibi askari wanapita na farasi kuhesabu nani katoka nyumbani, na kule ufukweni watu wanaota jua. Nimeliandikia gazeti kuhusu uonevu huo mara mbili, hawakuchapisha, nitaandika ya tatu. Kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi, Westmead, tunakula wima kwa dakika tano, kisha tunavaa tena mavazi ya plastiki na kuingia vyumbani.

Kile kiungulia changu unakijua. Mwezi huu kimepanda hadi nalala nimeketi. Vidonge vya kupunguza tindikali nimemeza miaka nenda miaka rudi, na kila daktari ananiongezea vingine bila kuuliza tindikali yenyewe inapanda kwa sababu gani. Mwenzangu wa zamu akaniambia kwamba kwao Korea swali hilo ndilo la kwanza, akanielekeza kwa Daktari Baek, mzee wa tiba ya Kikorea, hapo Toongabbie. Nilikwenda kubishana. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili nisiende mkono mtupu.

Alinishika mpigo wa mkono, akautazama ulimi, kisha akanibonyeza chini ya kidari. Nikaruka. Akasema pale ni pagumu kama ubao. Akanieleza kwamba tindikali ni moshi tu, moto uko chini. Kazi ya tumbo ni kuteremsha. Likichoka na kukakamaa chakula hukaa, huchacha, na uchafu wake mzito huganda kwenye kuta za tumbo, basi kilichopaswa kushuka hupanda. Na linalokakamaza tumbo, alisema, ni kula kwa haraka, wasiwasi usioisha, na hasira iliyomezwa, ambayo hulichemsha ini nalo ini likalikandamiza tumbo. Kwao hasira hiyo ina jina la ugonjwa, ugonjwa wa moto.

Hapo nikamcheka. Nikamwambia aulize kanisa zima la Wakenya, aulize hata Warundi wa Guildford, kama Jepchumba amewahi kumeza hasira. Mimi hasira zangu nazitapika hadharani. Yeye hakucheka. Alisema amewatibu wapiga kelele wengi, na mara nyingi kelele zote zile hufunika jambo moja wasilolisema.

Kisha akaendelea na maswali yake. Akauliza habari za choo. Nikamjibu kwa ujasiri kwamba ni cheusi, na asishangae: sisi watu wa Nandi tunakunywa mursik, maziwa ya mgando yenye mkaa wa mti wa senetwet, na mkaa ndio unaokitia weusi. Alipendezwa, akataka kujua yanavyotengenezwa. Nikamweleza kibuyu, nikamweleza mkaa. Kisha akauliza, kwa upole tu, nilikunywa lini mara ya mwisho.

Jerotich, mkaa ulionitumia uliisha mwezi wa Aprili. Nilihesabu kwa vidole mbele yake, Mei, Juni, Julai, Agosti. Ile ni damu.

Akaweka sindano zake chini. Alikataa kunichoma hata moja, akakataa kunipa dawa za mitishamba, akaandika barua ya hospitali papo hapo. Alisema tiba yake inaweza kungoja, hii haingoji. Akauliza kama nyumbani kuna aliyeugua koo. Nilimjibu hapana. Nilidanganya. Na tangu wiki iliyopita, chapati haishuki bila maji.

Nimeandika kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu ambayo shemeji haielewi, ili akikusomea asome kila neno. Mwangi, usiruke hapa.

Dada, mwaka ule wa 2009 Mwangi alikuwa amekwisha kumpakia baba garini kumpeleka Eldoret. Alinipigia simu wakiwa njiani, akaniambia chakula kinamkwama mzee. Mimi msomi wa Sydney nikamkaripia. Nikasema ni kiungulia, nimesoma, madaktari watamkata bure. Baba apewe maziwa na uji laini. Nikamwamuru arudishe gari. Alibisha, nikamfokea mpaka akarudisha. Miezi mitatu baadaye hata maji hayakupita.

Siku ya mazishi ulimwambia Mwangi mbele ya watu kwamba angekuwa baba yake mzazi asingegeuza gari. Nilikuwa kwenye simu, nilisikia. Nilingoja anitaje. Hakunitaja, nami sikujitaja. Kiungulia changu kilianza mwezi ule ule.

Keshokutwa asubuhi watanipitishia kamera kooni. Nitawaambia ukweli wote, wa choo na wa baba. Huenda ni kidonda tu. Huenda ni kile cha baba, na mipaka imefungwa, hutaweza kuja. Sikuombi unisamehe wiki hii. Una mtu wa kumwomba radhi kwanza, naye yuko hapo karibu nawe ameshika karatasi. Nami nitamwomba yangu kwa mdomo wangu, nikibakiziwa sauti.

Wabusu watoto, umfikishie mama salamu bila habari hizi. Mungu awatunze.

Ni mimi mdogo wako,
Jepchumba