Kofia Isiyo ya Mkono Wangu

Ibra, 3 Machi 1997

Kwako Baba Maen,

Asalaam alaikum. Sisi wazima. Kanzu yako iliyochanika nimeigeuza shati la skuli la mwanetu Hala. Sweta ya kijani nimeifumua, sasa nafuma soksi. Mikono haitaki kutulia.

Jana ndugu yako Nasr karudi kutoka huko kazini kwako Sur, kaleta picha yako ya Idi. Umevaa kofia mpya. Mama yako akavaa miwani.

"Khole, vitobo vya kofia hii si vya mkono wako."

"Labda kanunua sokoni, mama."

"Ya sokoni hushonwa mbiombio. Huyu kashonewa na mwanamke."

Kofia ninayokushonea mimi nimeifikisha nusu. Nijibu kabla ya Alhamisi: niimalize, au niipunguze imwenee mwanao Maen?

Mkeo,
Khole