Pole ya Mashine

Jumatatu, 3 Machi
Hili sijamwambia mtu, hata mama: mimi ndiye niliyeleta msiba katika darasa la kinanda.

Tangu nimalize shule nasaidia kwenye chuo cha muziki. Nafuta vinanda, nawasha kishikwambi chenye akili mnemba. Mtoto akipiga, mashine inasikiliza. Inasahihisha noti, halafu inampima moyo kwa mwendo wa vidole. Ikiona hana raha, inaandika: "Pole. Pumzika dakika kumi."

Wiki iliyopita nilijaribu mwenyewe. Polepole, kidole kimoja. Ikanipa pole. Nilifurahi — tangu matokeo ya mtihani hakuna aliyenipa pole. Kumbe nyuma ya pazia yupo mwanafunzi tunayemwita Bi Mkubwa, mwenye miaka minane.

"Ahaa. Kumbe ndivyo, dada."

Jumatano, 5 Machi
Darasa zima linapiga kama linasindikiza jeneza. Hata wimbo wa bata! Kati ya kumi na wawili, kumi na mmoja wamepewa mapumziko, wanaruka kamba uani. Wa kumi na mbili kasinzia kweli.

Mwalimu wa kinanda kaniuliza, "Binti yangu, nimewakosea nini hawa?"

Nikasema nakwenda kuchota maji. Bomba liko kushoto. Nikaenda kulia.

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu wa chuo kasoma ripoti ya mashine. Darasa la kinanda: huzuni, asilimia tisini na mbili. Anasema mwalimu anawaumiza watoto. Kesho kikao, huenda akasimamishwa. Mwalimu anayewamenyea watoto machungwa!

Mama kauliza mbona sili. Nimesingizia jino.

Ijumaa, 7 Machi
Kikaoni Mkuu kaniambia nipige kidogo, wazazi waone mashine inavyofanya kazi. Nikajua njia imefunguka: nitapiga ule upigaji wa msiba, wataelewa bila mimi kufungua mdomo.

Nikakaa kinandani. Vidole vikatimka kama vifaranga waliomwona mwewe.

Mashine: "Una furaha tele. Endelea hivyohivyo."

"Mnaona?" Mkuu akasema. "Haikosei."

Mwalimu akanitazama. "Huyu ana furaha? Hebu mwangalieni magoti. Mpeni mtoto maji."

Yeye ndiye wa kusimamishwa, na ananiombea mimi maji.

Bi Mkubwa, aliyeitwa awe shahidi wa watoto, akaninong'oneza: "Dada, unasema wewe au niseme mimi?"

Nimeomba ruhusa ya chooni. Ndiko ninakoandikia. Bi Mkubwa anagonga, anahesabu mpaka ishirini. Kafika kumi na nne.

Daftari langu, nitunzie siri hii kidogo tu — mpaka nifike kwenye meza ya kikao.