Sekunde Kumi na Moja za Mlima wa Kanisa

Shiundu ndugu yangu,

Ni wiki ya tatu, na bado nikisikia lori likibadilisha gia barabarani natoka nje kuangalia kama ni wewe. Halafu nakumbuka lori letu liko kituo cha polisi, pua imeingia ndani, na wewe uko Musanda nyuma ya nyumba yako, chini ya udongo ambao haujakauka.

Nilirudi pale kwa miguu. Unanijua, lazima nihesabu. Kutoka kilele cha mlima wa kanisa mpaka kona iliyokushinda ni hatua mia moja hamsini na mbili. Simu yangu bado inaonyesha tuliongea sekunde kumi na moja. Lori lililojaa miwa, mwendo wa arobaini, linamaliza hatua hizo kwa sekunde hizo hizo. Nimepiga hesabu mara nne. Jibu halibadiliki.

Kumi na moja! Na nilikuambia nini? "Foleni ya mizani ni fupi, kanyaga mafuta." Basi. Ukasema, "Sawa bosi," halafu kelele, halafu kimya. Mimi huku langoni mwa kiwanda cha sukari nikadhani netiwaki imekatika. Nikaagiza chai, Shiundu. Nikainywa yote.

Sheria ilikuwa yangu. Netiwaki inashikanga pale juu tu, na lori lililojaa likisimama kwenye mlima ule haliondoki tena. Kwa hivyo siku niliyonunua zile simu mbili za mkono nilikuambia: usisimame, pokea ukienda, miwa iliyokatwa inapoteza uzito kila saa. Ukacheka: "Hii simu yako ina wivu kuliko mke." Mimi sikucheka. Nilikuwa najivunia, mimi niliyeanza kukata miwa na panga la kuazima, wewe ukikata mstari wa pembeni yangu, mchana tunagawana obusuma, ugali wetu, kwa jani moja la mgomba.

Mikono ulikuwa nayo miwili. Mmoja wa usukani, mmoja wa gia. Simu nilitaka uishike na upi?

Polisi wa trafiki alikagua kila kitu: magurudumu, breki, mzigo, leseni yako. Nikamwambia, "Afande, andika na simu." Akaniangalia kana kwamba nimelewa. "Mzee, simu hizi ndiyo zimeingia juzi, bado hakuna kosa kama hilo. Kupiga simu si hatia, kupokea pia si hatia." Hata taa ya nyuma iliyopasuka aliiandika. Kilichokuua hakina mstari kwenye fomu. Karatasi inasema dereva alishindwa kulidhibiti gari. Wewe! Miaka tisa bila kugonga hata kuku.

Na Rose mkeo ameisoma. Jana aliniuliza, "Shemeji, alikuwa amelala?"

Nikasema sijui. Nilisema sijui, na simu iko mfukoni.

Siwezi tena. Nikimaliza kuandika naenda kwake. Nitamwambia ulikuwa macho, ulikuwa unanitii mimi. Akinifukuza, nitatoka. Kisha nitarudi kwa afande aandike maneno yangu, hata kama ni nyuma ya karatasi. Na lori likitengenezwa, simu itafungiwa ndani ya sanduku la spana huko nyuma. Anayetaka kuongea asimame, ashuke. Miwa ikauke.

Pumzika, ndugu yangu. Hakuna anayekuharakisha tena.

Makokha